Shajara ya mradi: umeme na gesijoto katika supamaketi, wiki ya 1 hadi ya 20

Mahali pa kazi ni supamaketi moja yenye ukumbi wa mauzo wa mita za mraba 1,200, inayofunguliwa saa 12 kwa siku. Kuna mitambo miwili ya kompresa (mashine zinazobana gesi ya kupoza): mmoja wa ubaridi wa kati (maziwa, nyama, mboga) na mwingine wa friza. Yote miwili inatumia gesi ya R404A, jumla kilo 180. Makabati ya wazi ya ubaridi wa kati yana urefu wa mita 30, yaani makabati 12 ya mita 2.5. Upande wa friza kuna makabati 10 yenye milango 18 ya vioo kwa jumla na vyumba viwili vya baridi. Vingine ni viyoyozi vya paa, mirija ya taa 260, oveni mbili za umeme na jenereta ya akiba.

Wiki ya 1: mpaka wa hesabu

Ankara za miezi 12 zinajumlisha kWh 540,000. Namba hiyo haikusomwa tu kwenye karatasi. Ankara mbili zilikuwa za makadirio, na vipindi vya kusoma mita vilipishana kuanzia siku 28 hadi 35. Kila ankara imegawanywa kwa idadi ya siku zake kabla ya kupangwa upya kwa mwezi. Usipofanya hivyo, kipindi cha siku 35 kitaonekana kama mwezi wa ufujaji, na utamtafuta mchawi asiyekuwapo.

Gesi inayovuja haihesabiwi kwa kusoma kibandiko cha mtambo. Inahesabiwa kwa mitungi: iliyokuwapo stoo mwanzoni mwa mwaka, jumlisha iliyonunuliwa, toa iliyobaki, toa iliyonyonywa kwenye mitambo na kurudishwa kwa muuzaji. Kinachosalia ndicho kilichoenda hewani. Daftari la fundi lilionyesha kilo 28, ila hesabu ya mitungi ikatoa 36. Tofauti ilitokana na ujazaji wa usiku wa dharura ambao haukuandikwa. Tumechukua 36, sawa na asilimia 20 ya gesi yote kwa mwaka. Kiwango hicho si cha ajabu kwa mitambo ya aina hii yenye mabomba marefu na mamia ya maungio.

Uwezo wa R404A wa kupasha joto angahewa ni 3,922, yaani kilo moja ni sawa na kilo 3,922 za kaboni dayoksaidi kwa kipimo cha miaka 100 cha ripoti ya nne ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi. Kwa hiyo:

- gesi iliyovuja: 36 × 3,922 = kilo 141,192, yaani tani 141
- umeme: 540,000 × 0.5 = kilo 270,000, yaani tani 270

Hiyo 0.5 ni kilo za kaboni dayoksaidi kwa kila kWh ya gridi, na ndiyo itakayotumika katika shajara nzima. Gridi ya nguvu za maji iko chini sana ya hapo, na ya makaa ya mawe hukaribia kilo 1. Anayerudia hesabu hizi mahali pengine abadilishe namba hiyo kwanza. Kadiri gridi inavyokuwa safi, ndivyo gesi inayovuja inavyozidi kuwa sehemu kubwa ya jumla.

Jenereta imewekwa kando. Lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi, na jenereta ya ukubwa huu hutoa kWh 3 hadi 3.5 kwa lita, kwa hiyo kila kWh yake inabeba kilo 0.8 hadi 0.9. Kuchanganya saa zake na za gridi kunaficha mzigo huo. Katika taarifa, dizeli na gesi inayovuja huingia fungu la kwanza, yaani unachotoa mwenyewe. Umeme wa gridi huingia fungu la pili.

Wiki ya 2 na ya 3: mita ndogo

Mita 11 zimefungwa: mtambo wa ubaridi wa kati, mtambo wa friza, feni za kondensa (koili ya nje inayotoa joto), hita za kuyeyusha barafu, hita za milango, feni na taa za makabati, viyoyozi (mbili), taa za ukumbi, oveni, na bodi ya ofisi. Zinasoma kila dakika 1 na kuhifadhi wastani wa dakika 15. Usomaji wa dakika 1 umewekwa kwa wiki chache za mwanzo tu, maana bila huo huwezi kuona kompresa inayowaka na kuzima mara 20 kwa saa. Kwenye wastani wa dakika 15, kompresa hiyo huonekana imetulia kabisa.

Makosa yaliyojitokeza, maana ndiyo yanayorudiwa kila mahali:

Transfoma za mkondo (pete za kuupimia mita mkondo wa waya) tatu zilifungwa kinyume. Hizo ni rahisi kugundua kwa sababu nguvu husomeka hasi. Ngumu ni ile iliyofungwa kwenye fezi moja huku waya wake wa volti ukiwa kwenye fezi nyingine. Mita haitoi alama yoyote ya kosa, inatoa namba za uongo kwa utulivu. Kipimo kizuri ni oveni, kwa kuwa ni hita tupu na pawa fakta yake (nguvu halisi ikigawanywa kwa volti mara ampia) lazima ikaribie 1. Ikisoma −0.5, fezi zimepishana. Ikisoma 0.5, fezi zimepishana na transfoma imegeuzwa pia. Ya pili ndiyo hupita bila kuonwa, kwa kuwa namba ni chanya na inafanana na mota mbovu.

Mita ya bodi ya ofisi ilipewa transfoma za ampia 400 kwa sababu ndizo zilizokuwapo, ilhali mzigo wenyewe ni ampia 12. Chini ya asilimia 5 ya ukubwa wake transfoma haiaminiki tena. Zimebadilishwa na za ampia 60. Zinazotumika zote hutoa milivolti 333. Zile za zamani zenye ampia 5 upande wa pili hazipaswi kamwe kuachwa wazi bila kuunganishwa huku waya mkubwa ukipitisha mkondo, kwa sababu volti hupanda kiasi cha kuua mtu.

Saa ya kifaa cha kuhifadhi data ilikuwa ya UTC (saa za Greenwich) na mita kuu ya saa za mahali. Kwa siku nne, mzigo wa kufungua duka ulionekana kuanza kabla mlango haujafunguliwa.

Jumla ya mita ndogo ilikosa asilimia 9 ya mita kuu. Hadi asilimia 3 tungekubali. Ilibidi kufuata nyaya moja moja, na nyuma ya rafu za stoo ikapatikana bodi ndogo isiyo kwenye mchoro: taa za bango la nje na hita za mifereji ya maji ya friza. Baada ya kuiongezea mita ya 12, tofauti imebaki asilimia 2.

Wiki ya 4: picha ya kwanza

Mgawanyo, ukipanuliwa kwa mwaka mzima kwa msaada wa ankara: friji na friza asilimia 56, viyoyozi 17, taa 14, oveni 8, vingine 5. Kompresa peke yake ni takriban kWh 220,000, ambapo 130,000 ni za ubaridi wa kati na 90,000 ni za friza.

Mambo mawili yameonekana ambayo ankara isingeyaonyesha. La kwanza ni mzigo wa usiku. Kati ya saa 8 na saa 10 usiku, duka likiwa limefungwa na taa zimezimwa, mita kuu inasoma kW 39, na wastani wa mwaka mzima ni kW 62. Katika hizo 39, friji ni 31 na vingine 3. Zilizobaki 5 ni viyoyozi vinavyopoza ukumbi usio na mtu. La pili ni mwinuko mkali saa 12 asubuhi na saa 12 jioni: makabati yote 10 ya friza yalikuwa yanayeyusha barafu kwa wakati mmoja, kila moja na hita ya kW 3. Wa jioni unaangukia saa zile zile za wateja wengi na viyoyozi vyote.

Makabati sasa yanapishana kwa dakika 50. Iandikwe wazi kwamba hatua hii inapunguza kilele cha mahitaji, haipunguzi kWh hata moja.

Viyoyozi vimewekewa saa ya kuzima, isipokuwa cha chumba cha seva. Vinawashwa saa moja kabla ya kufungua, si wakati wa kufungua. Ukumbi ukianza siku ukiwa na unyevu, makabati ya wazi huuvuta wote na kuugeuza barafu kwenye koili (mabomba ya baridi ndani ya kabati), na umeme uliookolewa usiku hulipwa mchana na kompresa.

Wiki ya 5 hadi ya 7: kurekebisha kilichopo

Hizi ndizo wiki zenye kazi nyingi na manunuzi machache.

*Presha ya kunyonya.* Mtambo wa ubaridi wa kati ulikuwa umewekwa uvukize gesi kwenye nyuzi −14. Makabati ya maziwa na mboga hayahitaji zaidi ya −8. Sababu ya kushushwa hivyo ilikuwa kabati moja la nyama ambalo halikufikia joto lake, na kwa kuwa makabati yote yana bomba moja la kunyonya, moja bovu linawalazimisha wote kufanya kazi kwa kiwango chake. Kabati hilo lilikuwa na feni mbili zilizokufa kati ya tatu, na bidhaa zilipangwa juu ya mstari wa mwisho wa kupakia hadi kuziba njia ya hewa inayorudi. Feni zimebadilishwa, rafu zimepangwa upya. Kisha kiwango kimepandishwa nyuzi moja kila baada ya siku tatu, huku joto la bidhaa likipimwa katikati ya pakiti na si hewani, hadi −10. Kila nyuzi moja hupunguza umeme wa kompresa kwa takriban asilimia 2 hadi 3, kwa hiyo nyuzi nne ni karibu asilimia 10, yaani kWh 13,000 kwa mwaka. Nyuzi mbili zilizobaki zinasubiri makabati ya wazi yawekewe milango.

*Presha ya juu.* Joto la kondensa lilikuwa nyuzi 14 juu ya joto la nje. Lilipaswa kuwa 8 hadi 10. Mapezi yalijaa vumbi lenye mafuta ya jikoni, kwa sababu bomba la moshi wa oveni linatoka mita tatu kando. Usafishaji ufanywe kwa maji ya kawaida kutoka upande hewa inakotokea kuelekea inakoingilia, baada ya kukata umeme na kufunga swichi kwa kufuli. Mashine ya maji ya presha kali hulaza mapezi na kuacha kondensa mbovu kuliko ilivyokuwa. Baada ya kusafisha na kurefusha bomba la moshi, tofauti ni nyuzi 9.

Kidhibiti pia kilikuwa kimezuia joto la kondensa lisishuke chini ya nyuzi 40 hata usiku wa baridi. Jaribio la kulishusha hadi 32 limekwama: makabati mawili ya friza ya mwisho wa mstari yalianza kupanda joto, na kioo cha kuchungulia kikaonyesha mapovu. Bomba la gesi ya kimiminika linapita juu ya dari yenye joto kali bila kufunikwa, na presha ikishuka sehemu ya kimiminika hugeuka mvuke kabla ya kufika kwenye vali ya upanuzi, inayopimia koili kimiminika. Bomba limevalishwa sponji ya kuhami. Vali za makabati hayo mawili zimebadilishwa kuwa za kielektroniki, kwani za zamani zinahitaji tofauti kubwa ya presha ili zipitishe ya kutosha. Kiwango cha chini sasa ni 34. Kinaweza kushuka zaidi, ila si kabla ya kuvalisha sehemu iliyobaki ya bomba.

Feni za kondensa zimewekewa invata, kifaa cha kubadili kasi ya mota. Nguvu ya feni hufuata mchemraba wa kasi yake, kwa hiyo feni zote zikizunguka kwa asilimia 80 hula takriban nusu ya umeme. Zamani kidhibiti kilikuwa kinazima nusu ya feni na kuacha nusu zikienda kasi kamili, na hewa moto ilikuwa inarudi ndani kupitia feni zilizozimwa.

*Hita za milango ya friza.* Milango 18, kila mmoja wati 160, saa 24: kWh 25,200 kwa mwaka za kuzuia umande kwenye fremu, hata siku hewa ikiwa kavu. Sasa zinaendeshwa kwa kiwango cha umande, kinachokokotolewa kutoka joto na unyevu wa hewa. Hewa ya nyuzi 24 yenye unyevu wa asilimia 55 huanza kutoa umande ikigusa kitu cha nyuzi 14.4. Fremu ikiwa juu ya hapo, hita haina kazi. Hita zinawaka asilimia 45 ya muda. Sensa ilikuwa karibu na oveni mwanzoni, ikavuta mvuke wa mikate na kuziwasha hita kutwa. Imehamishiwa katikati ya njia ya friza, mita mbili kutoka sakafuni.

*Kuyeyusha barafu.* Kila mzunguko ulikuwa wa dakika 45, ukikatwa na saa. Sasa unakatwa koili ikifika nyuzi 10, na wastani ni dakika 22. Hesabu: kW 30 × mara 2 × saa 0.383 × siku 365 = kWh 8,400, bila kuhesabu kwamba joto hilo nalo kompresa hulazimika kulitoa. Kwenye makabati mawili sensa ilifungwa karibu mno na hita. Mzunguko ukawa unaisha mapema, barafu ikabaki chini ya koili, na siku ya tisa koili nzima ikawa tofali. Sensa inakaa mahali pa mwisho kuyeyuka, na pa kupatambua ni kusimama hapo na tochi mzunguko mmoja mzima. Hakuna mchoro wa kiwandani unaokueleza hilo kwa kabati lililokwishatumika miaka kumi.

Wiki ya 8: uvujaji

Kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, na hapa mchukuzi ni anayeuza mitungi. Wiki nzima imetengwa kwa kazi hii peke yake.

Utaratibu: zima feni za kabati dakika 15 ili hewa itulie, kisha pitisha kigunduzi cha kielektroniki polepole, sentimita mbili hadi tatu kwa sekunde, *chini* ya kila ungio, kwa kuwa R404A ni nzito kuliko hewa. Kikilia, thibitisha kwa povu la sabuni. Doa la mafuta kwenye bomba ni ushahidi tosha hata kigunduzi kikinyamaza, kwa sababu mafuta ya kompresa hutoka pamoja na gesi. Mahali penye shaka panatengwa na kujazwa nitrojeni kavu, presha ikaangaliwa kwa saa 24 pamoja na joto, maana presha hushuka yenyewe usiku ukipoa.

Mivujo 11 imepatikana. Mitano ilikuwa kwenye vali za kupimia presha zisizo na vifuniko. Pini ya ndani haikuundwa kuzuia gesi miaka yote peke yake, kifuniko chenye mpira ndicho kizuizi halisi. Mitatu ilikuwa kwenye nati za vali za upanuzi, ambazo hulegea kwa baridi na joto la kila siku. Mwingine ni bomba lililosuguliwa na kibanio cha chuma kisicho na mpira hadi likatoboka. Wa kumi ulikuwa kwenye kona ya kondensa, na wa mwisho, uliotoa zaidi ya yote kwa dalili zote, kwenye vali ya usalama ya tangi la gesi. Ilikuwa imewahi kufunguka presha ilipopanda, na haikukaa sawasawa tena. Mtambo wenye kondensa chafu hufungua vali ya usalama, kwa hiyo vumbi la wiki ya 5 na mvujo huu huenda ni jambo moja.

Nati zimeondolewa na maungio kuchomelewa pale ilipowezekana, huku nitrojeni ikipita ndani ya bomba wakati wa kuchomelea ili masizi yasijijenge na kuziba vali baadaye. Vifuniko 64 vimewekwa. Tangi limefungwa kipima kiwango chenye kengele. Kiwango hupanda na kushuka kwa hali ya hewa, kwa hiyo usomaji wa kulinganisha ni wa saa 10 usiku tu, na wa siku zenye joto la nje linalokaribiana.

Wiki ya 9 hadi ya 12: milango kwenye makabati ya wazi

Kabati la wazi la kusimama linabeba asilimia 70 hadi 80 ya mzigo wake kutokana na hewa ya ukumbi inayopenya pazia la hewa baridi mbele yake. Taa, feni na bidhaa zenyewe zinagawana kilichobaki. Makabati haya hubeba takriban asilimia 80 ya kazi ya kompresa za ubaridi wa kati, yaani kWh 104,000. Kwa punguzo la asilimia 40, makadirio ni kWh 41,600.

Milango imewekwa usiku, makabati matatu kwa wiki. Kilichofuata hakikuwa raha. Baada ya makabati sita, mtambo ulikuwa mkubwa mno kwa kazi yake: vali za upanuzi zilianza kufungua na kufunga ovyo, gesi ikawa inarudi kwenye kompresa na joto la ziada (nyuzi ambazo mvuke umezidi joto la kuvukiza) linalocheza kati ya nyuzi 2 na 15, na kompresa ya kwanza ikawa inawaka mara 14 kwa saa. Chini ya nyuzi 5 kuna hatari ya kimiminika kuingia kwenye kompresa na kuvunja vali zake. Hatua tatu zimechukuliwa, kwa mpangilio huu: tundu dogo zaidi kwenye kila vali ya upanuzi, joto la ziada kuwekwa nyuzi 7, na invata kwenye kompresa ya kwanza ili iweze kushuka hadi hertzi 30. Hapo ndipo kiwango cha kuvukiza kimepandishwa hadi −8. Anayeweka milango bila kugusa vali atapata sehemu tu ya akiba na atanunua kompresa mapema.

Jambo la pili: njia ya maziwa sasa ina joto. Baridi iliyokuwa ikimwagika kutoka makabati ya wazi ilikuwa inawasaidia viyoyozi bila mtu kuihesabu. Mita ya viyoyozi imepanda kidogo mchana. Bado ni faida, kwani kupoza hewa ya ukumbi kwa kiyoyozi kunahitaji umeme mchache kuliko kuipoza kwa gesi inayovukiza kwenye −10, ila lazima ongezeko hilo litolewe kwenye hesabu ya akiba.

Feni 36 za makabati zimebadilishwa kwa wakati huo huo: za zamani wati 38, mpya za mota ya kielektroniki wati 12. Tofauti ni wati 936 mfululizo, kWh 8,200 kwa mwaka. Kila wati ya feni ni joto ndani ya kabati, hivyo kompresa nazo zinapumzika takriban kWh 3,300 zaidi. Kundi la kwanza la feni lilikuja na kasi ya mizunguko 1,550 kwa dakika badala ya 1,300, na kwenye makabati ambayo yalikuwa bado hayajapata milango pazia la hewa likavurugika na joto likapanda. Kasi imerekebishwa kwenye feni zenyewe.

Wiki ya 13: taa

Mirija 260 ya wati 66 pamoja na balasti (choki) imepisha LED ya wati 24. Kwa saa 4,380 za mwaka, akiba ni kWh 47,800. Balasti zimeondolewa kwenye waya, hazikuachwa zikipitisha umeme bure. Hakuna zaidi la kusema. Ni kazi ya siku sita.

Wiki ya 14: swali la gesi

Pendekezo lililokuwa mezani tangu mwanzo ni kubadili R404A kuwa R449A, ambayo uwezo wake wa kupasha ni 1,397, pungufu ya asilimia 64. Tumeahirisha kwa friza na kukubali kwa ubaridi wa kati tu. R449A hutoka kwenye kompresa ikiwa na joto zaidi, na kwenye friza hilo linahitaji upozaji wa ziada ambao mtambo huu hauna. Pia ni mchanganyiko ambao viambato vyake havivukizi kwenye joto moja. Hupishana nyuzi 4 hadi 6, kwa hiyo joto la ziada lazima lipimwe upya na ujazaji ufanywe kwa kimiminika tu. Mipira yote ya maungio ibadilishwe kabla. Iliyovimba ndani ya gesi ya zamani husinyaa katika mpya, na mtambo uliokuwa hauvuji unaanza kuvuja siku chache baada ya kazi.

Mtambo wa friza utabaki na R404A hadi mwisho wa maisha yake, kwa sharti kwamba haivuji. Upatikanaji wa gesi hiyo utapungua. Marekebisho ya Kigali ya Itifaki ya Montreal, yaliyokubaliwa Oktoba 2016 na kuanza kutumika Januari 2019, yanapunguza gesi za kundi hili kwa hatua. Umoja wa Ulaya mwaka 2020 ulianza kuzuia kujaza gesi mpya yenye uwezo wa 2,500 na zaidi katika mitambo yenye gesi inayolingana na tani 40 za kaboni dayoksaidi au zaidi, na kwa R404A hizo ni kilo 10.2 tu.

Mtambo utakaofuata unachaguliwa kati ya njia mbili. Kaboni dayoksaidi yenyewe (R744) ina uwezo wa 1, lakini juu ya nyuzi 31 haigeuki kimiminika tena na presha huzidi bari 74. Mahali pa joto inahitaji kompresa ya sambamba au ejekta (bomba linalotumia presha ya gesi yenyewe kuisaidia kompresa), la sivyo umeme unapanda. Propani (R290) katika makabati yanayojitegemea imekuwa rahisi zaidi tangu kikomo cha gesi katika kanuni ya usalama ya kimataifa ya IEC 60335-2-89 kilipopandishwa 2019 kutoka gramu 150 hadi takriban 500 kwa mzunguko mmoja, lakini kila kabati hutoa joto lake ukumbini, isipokuwa lipewe bomba la maji la kulibeba nje.

Wiki ya 20: uhakiki

Kulinganisha ankara ya mwezi huu na ya mwezi uliopita hakuna maana, joto la nje si lile lile. Data za mwanzo zimetoa mlinganyo: kWh kwa siku = 855 + 26 × wastani wa joto la nje la siku. Wiki hii wastani wa joto ni nyuzi 27, kwa hiyo mitambo ya zamani ingetumia kWh 1,557 kwa siku. Mita kuu inasoma 1,199. Punguzo ni asilimia 23. Tungelinganisha na wastani wa mwaka wa 1,479, tungesema asilimia 19 na kujinyima haki.

Jumla ya makadirio ya kipande kimoja kimoja ilikuwa asilimia 32. Pengo lina sababu: akiba hazijumlishiki. Asilimia 10 ya presha ya kunyonya ilihesabiwa kwenye kompresa zenye mzigo wa makabati ya wazi, na mzigo huo haupo tena. Viyoyozi vilivyopanda kwenye njia ya maziwa navyo vimo, pamoja na kiwango cha kondensa kilichobaki 34 badala ya 32.

Asilimia 23 ya kWh 540,000 ni 124,200, tani 62 kwa mwaka. Upande wa gesi, tangu wiki ya 8 imeongezwa kilo 1.5. Ikipanuliwa kwa mwaka ni kilo 6.5, tani 25 badala ya 141. Yaani vifuniko, nati na vali moja ya usalama vimeondoa karibu mara mbili ya kile kilichoondolewa na milango, feni, taa na invata kwa pamoja. Namba ya gesi ni ya wiki 12 tu, na tangi huficha upungufu hadi siku za joto kali, hivyo haitaandikwa kwenye taarifa ya mwaka mpaka hesabu ya mitungi ya miezi 12 ikamilike.

Yaliyobaki wazi: kuvalisha bomba la kimiminika upande wa mashariki wa dari na kujaribu tena nyuzi 32, R449A kwenye ubaridi wa kati, pamoja na mipira mipya, marudio ya ukaguzi wa mivujo kila miezi mitatu, kuanzia na maungio 11 yaliyotengenezwa, na mlango wa tatu wa kabati la 7, ambao chemchemi yake bado hairudishi mlango hadi mwisho.